MBA itanifanya meneja mzuri? Jibu kwa msomaji wa South B

*Swali: Nimefanya kazi miaka 9 katika kampuni ya kusambaza sabuni na bidhaa za nyumbani hapa Industrial Area. Nilianza kama karani wa stoo, na tangu Februari mimi ndiye meneja wa shughuli. Nina watu 34: wa stoo, madereva, tanboi na makarani wa ankara. Mkurugenzi ananiambia nikitaka kuwa meneja mkuu lazima nisome MBA, ile shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Karo niliyotajiwa ni kama shilingi 800,000 kwa miaka 2, masomo ya jioni. Kaka yangu anasema uongozi haufundishwi darasani, mtu huzaliwa nao. Nimsikilize nani?*

Dada yangu, kaka yako na mkurugenzi wanabishania kitu kimoja, ilhali ni vitu vitatu vilivyofungwa katika furushi moja. Kuna maarifa yanayoandikika ubaoni: hesabu, sheria, bei, takwimu. Kuna mazoea ya kazi: kuendesha kikao kifupi, kumkabidhi mtu jukumu, kumfuatilia bila kumkaba koo. Halafu kuna busara na uthubutu wa kuamua huku watu wakikutazama usoni. Shule ya biashara hufundisha cha kwanza vizuri sana, cha pili nusunusu, na cha tatu hukigusa tu. Lakini karo hutozwa kana kwamba vyote vitatu vimo ndani ya bei.

Kwa hiyo darasa litakufaa. Ila si lazima liwe MBA, na kwa maoni yangu lisiwe MBA mwaka huu.

Mkurugenzi ana hoja

Nianze na upande wake, maana watu waliopanda kutoka stoo huudharau. Chukua mfano unaofanana na kampuni yenu. Bidhaa hukaa ghalani siku 20. Supermarket hulipa baada ya siku 75. Kiwanda kinachowauzia nyinyi kinataka pesa zake baada ya siku 30. Jumlisha 20 na 75, toa 30, unapata siku 65 ambazo pesa za kampuni zimelala nje. Ikiwa mnatoa mzigo wa shilingi 300,000 kwa siku kwa bei ya kununulia, basi shilingi 19,500,000 haziko benki wala hazijapotea. Ziko kwenye rafu na kwenye ankara ambazo hazijalipwa. Sasa meneja wa mauzo analeta habari njema: mauzo yatapanda kwa asilimia 40. Hapo kampuni inahitaji shilingi 7,800,000 zaidi kabla ya kuonja faida yoyote. Na KRA, mamlaka ya kodi, haingoji. VAT ya asilimia 16 kwenye ankara ya katikati ya Machi huingia katika ritani ya kufikia tarehe 20 Aprili, wakati supermarket yenyewe italipa mwisho wa Mei.

Asiyejua hesabu hii hushangaa kwa nini biashara inakua na mishahara inachelewa. Wasambazaji wengi wa Nairobi waliielewa kwa uchungu kampuni ya supermarket ya Nakumatt ilipowekwa chini ya msimamizi wa ufilisi Januari 2018, halafu wadai wakapiga kura ivunjwe miaka 2 baadaye. Waliokuwa wamerundika mauzo yao yote kwa mteja mmoja kwa mkopo ndio walioumia zaidi.

Mtu hazaliwi na hesabu hii. Hata miaka 20 ya kazi stoo haikupi, kwa sababu ukiwa stoo unaona katoni, huoni siku. Mwalimu mzuri wa uhasibu anaifundisha kwa alasiri moja, na alasiri mbili nyingine akakufundisha kusoma mizania, taarifa ya mapato na taarifa ya mtiririko wa fedha. Hapo ndipo utakapogundua kwamba wewe, meneja wa shughuli, una mkono kwenye zile siku 75. Malipo mengi ya supermarket huchelewa kwa sababu nakala ya hati ya kupokea mzigo haikupigwa muhuri, au idadi iliyoandikwa juu yake haikubaliani na ankara. Tanboi akirudi bila nakala yenye muhuri, ankara inalala kwenye dawati la mhasibu wa mteja. Ukipunguza siku 75 zikawa 60, umerudisha nyumbani shilingi 4,500,000 bila kukopa hata senti. Meneja anayeweza kusema hivyo mbele ya mkurugenzi kwa tarakimu hizo ameshaanza kuonekana meneja mkuu.

Sheria nayo ni ya darasani. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, umweleze sababu katika lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha umsikilize yeye na huyo mwenzake. Kuna mameneja wanaofukuza mtu kwa ujumbe wa WhatsApp Ijumaa jioni. Mahakama ya Ajira ikiona utaratibu haukufuatwa inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, hata kama mtu huyo kweli alikuwa mwizi wa sabuni. Ukipunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi, kifungu cha 40 kinadai notisi isiyopungua mwezi mmoja na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka mtu aliofanya kazi. Haya husomwa. Kuyabahatisha ni ghali.

Darasa linapoishia

Shule kongwe za biashara za Marekani, kama Wharton ya 1881 na Harvard ya 1908, zilianzishwa kufunza watu wa kuendesha kampuni. Mwaka 1959 ripoti mbili, zilizolipiwa na wakfu wa Ford na Carnegie, zilisema masomo hayo ni mepesi mno. Shule zikajibu kwa kuajiri wachumi na watu wa takwimu, na mtindo huo ukasambaa duniani. Ndiyo maana mhadhiri wako anaweza kuwa hodari wa uchambuzi ilhali hajawahi kupanga zamu za madereva 12. Simkosoi, hiyo si kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Zaidi ya hapo, kazi yenyewe haifanani na somo. Henry Mintzberg, mtafiti wa Canada, aliwafuata wakurugenzi 5 kazini na kuhesabu walivyotumia muda wao, akachapisha matokeo 1973. Nusu ya shughuli zao zilidumu chini ya dakika 9. Linganisha na darasa. Unapewa kisa cha kurasa 20 kilichokusanywa na mtu mwingine, takwimu zimo, tatizo limepewa jina, una wiki nzima ya kufikiri, na ukikosea hakuna anayelala njaa. Kazini tatizo haliji na jina lake. Linakuja kama dereva anayepiga simu kutoka Mlolongo saa moja asubuhi akisema gari "linasumbua kidogo". Kujua kwamba hilo ndilo tatizo la leo, na si zile barua pepe 40, ni nusu ya umeneja.

Kisha kuna mambo ambayo kisa kilichoandikwa Boston, kwenye shule ya Harvard, hakitayagusa. Karani wako dhaifu kuliko wote anaweza kuwa mtoto wa shangazi ya mwenye kampuni. Kila mtu ghalani anajua, na kila mtu anangoja kuona utafanya nini. Ukimkemea peke yake utaitwa ofisini. Ukimwacha, kipimo chako kwa wengine 33 kimekufa. Njia inayofanya kazi ni ya pole pole. Pima kila karani kwa kipimo kilekile, mathalani tofauti kati ya hesabu ya rafu na ya kompyuta kila Ijumaa. Weka matokeo ubaoni kwa wiki 8 bila maneno. Kisha, kabla hujachukua hatua, mpelekee mkurugenzi tarakimu na pendekezo la kumhamisha kijana mahali asiposhika mali. Usimpelekee lalamiko. Mwenye kampuni huwa tayari kuisikia hasara kuliko kumsikia ndugu yake akisemwa. Nimeandika hatua hizi kwa mistari michache. Kuzifuata kwa wiki 8 bila kutetereka ndiko darasa lisikoweza kukufanyia.

Utafiti unasemaje

Kaka yako asifurahi mapema. Kwamba umeneja hauwezi kufundishwa kabisa, hilo limepimwa na kukataliwa.

Karibu na Mumbai, India, Nicholas Bloom na wenzake walichukua viwanda vya nguo vya kampuni 17. Vingine vilipewa washauri wa kuchunguza kasoro tu, kwa mwezi mmoja. Vingine vikaongezewa miezi 4 ya kusaidiwa kutekeleza, hatua kwa hatua, mbinu 38: kuandika kasoro za kila siku, kufanyia mashine matengenezo kabla hazijaharibika, kujua uzi gani uko wapi, kuweka malengo yanayoonekana. Ni mambo ya kawaida hata kuchosha kuyataja. Katika mwaka wa kwanza tija ya viwanda vilivyosaidiwa ilipanda kwa asilimia 17 ukilinganisha na vile vingine. Watafiti waliporudi miaka kadhaa baadaye, karibu nusu ya mbinu hizo zilikuwa zimeachwa katika viwanda hivyo, na sababu kubwa zilikuwa mbili: meneja wa kiwanda alibadilishwa, au wakurugenzi walikosa muda. Hata hivyo vilibaki mbele ya wenzao. Kwa hiyo umeneja unafundishika, lakini huko ulifundishwa kiwandani, kwa daftari la kila siku, na ukafifia palipokosa mtu wa kuushika.

Utafiti wa pili ni wa hapa kwetu. Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson walifanya kazi Dandora na wanawake wenye biashara changa, wakachapisha 2018. Kundi moja lilipewa masomo ya biashara darasani. Kundi la pili lilikutanishwa na mfanyabiashara mwanamke aliyefanikiwa katika mtaa uleule. La tatu halikupewa chochote. Waliopata mlezi faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20. Waliokaa darasani, faida haikubadilika. Walezi walitoa habari za hapohapo, hasa wapi pa kununua mali kwa bei nafuu, na mikutano ilipokoma faida ile nayo ikapungua hadi ikatoweka. Biashara hizo ni ndogo mno ukilinganisha na kampuni yenu, kwa hiyo usizichukue tarakimu kama zilivyo. Chukua tu kwamba maarifa ya jumla yanahitaji mtu wa mahali hapo wa kuyatafsiri.

Lomé, Togo, wenye biashara ndogo 1,500 walishirikishwa katika jaribio lililochapishwa 2017. Waliofunzwa moyo wa kujianzishia mambo, yaani kutongoja kuambiwa, kutafuta fursa, kujiandaa kwa vikwazo, waliongeza faida kwa asilimia 30. Wale wa mafunzo ya kawaida ya biashara walipata asilimia 11, kiasi ambacho kitakwimu hakikuweza kutofautishwa na bahati. Naona hapa darasa lenyewe halikuwa kosa. Kilichofundishwa ndani yake ndicho kilichotofautisha.

Na kuna utafiti wa kukutahadharisha. Mwaka 2022 Daron Acemoglu na wenzake wawili walitazama kampuni za Marekani na Denmark zilizopata bosi mwenye shahada ya biashara. Ndani ya miaka 5 mishahara ya wafanyakazi ilikuwa chini kwa asilimia 6 Marekani na 3 Denmark kuliko ambavyo ingekuwa, bila dalili kwamba mauzo, tija au uwekezaji viliongezeka. Yaani faida ya ziada waliyowaonyesha wenye hisa ilitoka mifukoni mwa wafanyakazi. Shule hufundisha tabia pia, hata pale ambapo ratiba haijataja somo la tabia.

Utasikia watu wa HR (rasilimali watu) wakitaja 70-20-10: asilimia 70 ya kujifunza hutoka kazini, 20 kwa wengine, 10 darasani. Nambari hizo zilitokana na mameneja walioulizwa wakumbuke walijifunza wapi. Ni kumbukumbu, si kipimo. Usizijengee bajeti.

Na ukitaka mfano wa karibu, itazame Safaricom. Michael Joseph, aliyeiongoza kuanzia 2000, ni mhandisi wa umeme. Bob Collymore, aliyemfuata 2010 hadi alipofariki 2019, hakusoma chuo kikuu. Peter Ndegwa, aliyeingia Aprili 2020, ana MBA ya London Business School. Watu watatu hawathibitishi kanuni, ila wanatosha kuivunja moja: kwamba bila cheti hicho huwezi, au kwamba ukiwa nacho wewe ni mtu wa makaratasi tu.

Miezi 6 ijayo ghalani kwako

Hapa ndipo ningeweka nguvu zako, na gharama yake ni ndogo.

Kwanza, huwezi kusimamia watu 34 moja kwa moja. Ukijaribu utakuwa mzima moto. Wagawe chini ya viongozi 5: wawili wa stoo, mmoja wa kupakia, mmoja wa madereva na tanboi, mmoja wa ankara. Lakini usiwateue kwa sababu tu ni hodari wa kazi ya mikono. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2019 uliangalia wauzaji waliopandishwa kuwa mameneja: aliyekuwa na mauzo maradufu kabla ya kupandishwa alifuatiwa na kushuka kwa mauzo ya walio chini yake kwa asilimia 7.5. Mchague yule ambaye wengine humwendea kuuliza. Huyo tayari anafanya kazi hiyo bila malipo.

Pili, kikao cha asubuhi. Saa 12:45, wote wamesimama mbele ya ubao, dakika 10. Nambari tatu pekee: maagizo yaliyofika kamili jana, mali iliyorudishwa au kuvunjika, na magari yaliyotoka kabla ya saa 1:30. Kando ya kila nambari jina la mtu, na kasoro moja tu ya kushughulikiwa leo. Nambari ziandikwe na kiongozi wa kundi, si wewe. Kikao hiki hufa kwa njia zinazojulikana. Kikigeuka mahakama, watu huanza kuficha kasoro, na baada ya wiki 2 ubao unaonyesha mambo mazuri matupu. Kikigeuka hotuba, dakika 10 zinakuwa 35 na magari yanakwama kwenye foleni ya Mombasa Road. Na ukikosa kuja mara 3 mfululizo bila kumwachia mtu, kila mmoja ameelewa kwamba halikuwa jambo la maana. Kasoro ikitajwa, uliza "nini kilitokea" kabla ya "nani". Mwenye kosa la makusudi mwite pembeni baadaye.

Tatu, kukabidhi kazi kwa mipaka. Hapa ndipo karibu kila meneja aliyepanda kutoka chini huanguka, kwa sababu kazi ya stoo unaijua kuliko yeyote na mkono unakuwasha. Andika mambo manne kwa kila jukumu: matokeo unayotaka, tarehe, kiasi cha pesa anachoweza kuamua peke yake, na jambo gani likitokea lazima akupigie. Mfano: kiongozi wa madereva anaidhinisha pancha na matengenezo madogo hadi shilingi 5,000 bila kukuuliza, anatuma picha ya risiti siku hiyohiyo, na anakupigia tu ikiwa gari litasimama zaidi ya saa 2. Mwezi wa kwanza atakosea mara moja au mbili. Ukimnyang'anya jukumu hapo, umewafundisha wote watano kwamba mipaka yako ni ya karatasini. Afadhali kupoteza shilingi 5,000.

Nne, nusu saa na kila kiongozi, kila wiki 2, milango imefungwa, simu imezimwa. Aanze yeye. Maswali matatu yanatosha: nini kinakukwamisha, nani katika kundi lako anakupa wasiwasi, nini ninachofanya mimi kinachokuharibia kazi. Swali la tatu halitajibiwa kwa ukweli kabla ya kikao cha nne au cha tano. Endelea kuliuliza.

Mazungumzo magumu yana mpangilio wake. Usimlinganishe mtu na mwenzake, na usiseme "wewe kila siku". Sema tarehe na tukio: "Jumanne tarehe 6 na Alhamisi tarehe 8 gari lilitoka saa 2:10." Nyamaza. Kimya cha sekunde 10 ni kirefu sana, na meneja mpya hukijaza kwa kujieleza. Kiache. Sikiliza sababu, kubalianeni jambo moja la kubadilika na tarehe ya kuliangalia tena, andika mistari 4, kila mmoja abaki na nakala. Nakala hizo pia ndizo zitakazokulinda chini ya kifungu cha 41 mambo yakiharibika.

Tano, daftari la maamuzi. Kila uamuzi unaogharimu zaidi ya, tuseme, shilingi 50,000 au unaomhusu mtu: andika ulichoamua, unachotarajia kitokee, na tarehe ya kuangalia, siku 90 mbele. Kumbukumbu hutusifia. Daftari halitusifii. Baada ya miezi 6 utaona aina ya makosa yako. Mara nyingi ni aina moja inayojirudia.

Mlezi umtafute pia, na umtafute kwa jicho la Dandora: si mzungumzaji maarufu wa hoteli za Upper Hill, bali mtu wa usambazaji aliyekutangulia ngazi moja au mbili, ikiwezekana mahali pasiposhindana na kampuni yenu. Saa moja kila wiki 2, chai ni juu yako, na uje na tatizo moja lililoandikwa. Ukija kupiga soga tu, atachoka mwezi wa pili.

Kwa upande wa hesabu, omba ukae na mhasibu wa kampuni kila anapofunga mwezi, kisha usome kozi fupi ya fedha kwa wasio wahasibu, au hata karatasi ya uhasibu ya ngazi ya kwanza ya KASNEB, bodi ya mitihani ya wahasibu.

Sasa MBA

Kuna sababu njema ya kuisoma, na kuna ile isiyosemwa wazi: ni mlango. Benki, mashirika ya serikali na kampuni kubwa huandika shahada ya uzamili kwenye tangazo la kazi, na anayepanga barua 300 huanza kwa kuzitupa zisizo nayo. Kama ndiko unakoelekea, isome, na usijidanganye kwamba umeisomea uongozi. Isome pia ikiwa unataka kuhama kutoka shughuli kwenda fedha au mikakati, au ikiwa unahitaji kufahamiana na watu wa sekta nyingine. Haimfai aliyemaliza shahada ya kwanza jana na hajasimamia hata mtu mmoja. Visa vyote vitakuwa hadithi kwake. Wala haimfai anayekopa karo yote kwa riba ya benki akitumaini cheo ambacho hakuna aliyekiahidi kwa maandishi.

Piga hesabu ya muda. Jioni 3 kwa wiki, saa 3 kila jioni, wiki 13, ni saa 117 kwa muhula mmoja. Ongeza kusoma nyumbani kwa kiasi hichohicho, ni 234. Mihula 3 kwa mwaka ni kama saa 700, bila foleni. Ikiwa saa hizo zitatoka kwenye kikao cha asubuhi na vikao vya nusu saa, utapata cheti cha umeneja huku ukiuacha umeneja wenyewe.

Ukichagua chuo, hakikisha programu imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, halafu omba kuketi katika kipindi kimoja kabla ya kulipa. Uliza: darasa lina watu wangapi, na wangapi wana watu wanaowasimamia? Kazi za kupimwa hufanywa kwa takwimu za kazini kwangu au kwa maswali ya kitabuni? Walioingia miaka 3 iliyopita, wangapi wamehitimu? Hilo la mwisho ni muhimu Nairobi, kwa sababu wengi humaliza masomo ya darasani kisha wakakwama kwenye mradi wa utafiti miaka mingi. Ndipo hushawishika kumlipa mtu awaandikie. Kinga yake ni kuchagua mada mapema, kutoka ghalani kwako, yenye takwimu unazokusanya tayari. Ule ubao wa asubuhi ukiutunza mwaka mzima, una data ambayo wanafunzi wenzako watazihangaikia kwa dodoso.

Kwa mkurugenzi, mwendee na swali moja: ni kazi gani ya meneja mkuu ambayo leo unaona siwezi kuifanya? Akijibu "hesabu" au "wateja wakubwa", mwombe uanze kuketi katika vikao hivyo kwa miezi 6, na MBA ingoje. Akijibu "ni cheti tu", mwombe kampuni igharamie angalau nusu ya karo. Huenda akakubali kwa mkataba wa kukufunga kazini miaka kadhaa. Kabla ya kutia sahihi, tazama mambo matatu: muda wa kifungo unaanza lini, siku ya kulipiwa au siku ya kuhitimu, deni linapungua kwa kila mwezi unaofanya kazi au linadaiwa lote hata ukibakiza mwezi mmoja, na nini kinatokea ikiwa wao ndio watakaokuachisha kazi. Hilo la tatu mara nyingi halimo. Liandikwe.